Moto wa mbabula: kinachozaliwa tena katika Ubuddha si roho

Kosa moja hurudi kila Ubuddha unapotajwa hapa Goma: watu hudhani kuzaliwa tena ni safari ya roho. Maiti inabaki, roho inatoka, inatafuta tumbo la mama mwingine na kuingia, kama abiria anayeshuka pikipiki hii na kupanda ile. Lugha yetu inachangia kutusukuma huko. Tuna roho, tuna nafsi, tuna moyo, na kila neno kati ya hayo linataka kukaa ndani ya mtu kama mpangaji. Ukitaka kuwaelewa Wabuddha, mpangaji huyo ndiye wa kumtoa kwanza.

Wala si kosa la wageni tu. Katika hotuba za zamani za Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Ubuddha, yumo mtawa aitwaye Sati, mwana wa mvuvi, aliyefundisha kwamba fahamu ileile, bila kubadilika, ndiyo inayotoka maisha haya na kuingia mengine. Wenzake walimkanya, akashikilia lake. Buddha akamwita na kumuuliza: fahamu hiyo ni ipi? Sati akajibu ni ile inayosema na kuhisi, inayopokea matunda ya mema na mabaya. Aliitwa mtu wa bure mbele ya watawa wote. Maelezo yaliyofuata ni ya kushika vizuri: fahamu huitwa kwa kile kinachoiwasha, kama moto unavyoitwa moto wa kuni, moto wa nyasi au moto wa samadi. Jicho likikutana na umbo inawaka fahamu ya jicho, sikio likikutana na sauti inawaka fahamu ya sikio. Hakuna moto uliokaa pembeni ukingoja kuni.

Kabla ya kuufuata moto huo, tufungue kwanza mashine yenyewe. Mfalme Milinda, ambaye Wagiriki walimwita Menander na ambaye alitawala kaskazini-magharibi mwa Uhindi katika karne ya 2 kabla ya Kristo, anasimuliwa akibishana na mtawa Nagasena kuhusu gari lake la farasi. Sisi gari hilo hatunalo, tunayo chukudu, kile chombo cha mbao cha kusukuma kinachobeba mizigo. Basi ilaze chini uifungue: ubao mrefu wa kubebea mzigo, usukani, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa matairi ya zamani, ekseli, misumari. Ubao ndio chukudu? Hapana. Gurudumu la mbele? Hapana. Rundo la vipande vyote hapo chini? Nalo si chukudu, hakuna atakayepandisha gunia juu yake. Basi kuna kitu kingine nje ya vipande hivyo, chukudu halisi iliyojificha? Hakipo.

Hapa wengi huteleza upande wa pili na kusema: kumbe Wabuddha wanasema mtu hayupo. La. Chukudu inateremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi, na ikikugonga utaumia. Inakuwepo kama mpangilio unaofanya kazi, na jina lake ni jina la mpangilio huo. Kinachokanushwa ni mwenye chukudu aliyejificha ndani ya mbao.

Vipande vya mtu vimegawanywa katika mafungu 5. Rupa ni mwili na kila chenye umbo. Vedana ni ladha ya kila tukio: tamu, chungu, au katikati. Sanya ni kutambua, kule kujua kwamba hii ni nyekundu na huyu ni shangazi. Sankhara ni mitikisiko ya akili inayotengeneza matendo, nia ikiwa mbele. Vinyana ni fahamu niliyoieleza juu. La kuangalia zaidi ni vedana, kwa sababu vitabu vingi huitafsiri kuwa hisia, na msomaji anafikiria hasira, wivu au mapenzi. Hasira iko kwenye fungu la 4. Vedana ni kitu kidogo na cha haraka zaidi, ni ule uchungu unaotangulia hasira. Ukizichanganya mbili hizi, mazoezi yote ya mbele yataharibika, na nitaonyesha kwa nini.

Hoja yenyewe ya anata, yaani kutokuwepo kwa nafsi, imetolewa katika hotuba ya pili ya Buddha, kule Isipatana karibu na Varanasi, kwa wale watu 5 waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Ni hoja ya mamlaka: kama mwili ungekuwa wewe, ungeuamuru, mwili uwe hivi, usiwe vile. Jaribu kuuamuru usizeeke. Kisha jaribu fungu la pili: amuru jino linalouma lisiwe chungu. Amuru sikio lisisikie jenereta ya jirani. Amuru wazo lisije. Mfalme asiyetiiwa na yeyote katika ufalme wake, mimi naona ni haki kuuliza kama kweli ni mfalme.

Neno dukha nalo limeteswa vya kutosha na tafsiri. “Maisha ni mateso” ni sentensi inayowakimbiza watu, hasa watu wa Kivu ambao mateso wanayajua bila kufundishwa. Maelezo moja ya zamani ya neno hilo yanalirudisha kwenye tundu la gurudumu: kha ni tundu linalopita ekseli, du ni baya. Mafundi wa chukudu wanaelewa mara moja. Tundu likichimbwa upande, gurudumu linazunguka na mzigo unafika, lakini safari nzima ni kuyumba na kusaga. Dukha ina ngazi 3. Ya kwanza ni maumivu ya wazi: ugonjwa, msiba, njaa. Ya pili ni raha inayogeuka kwa kuwa haidumu. Ya tatu ndiyo yenye kina na ndiyo inayosahauliwa: kitu chochote kilichojengwa kwa masharti hakiwezi kutulia, hata kikiwa kitamu, kwa sababu masharti yake yanasogea kila saa. Ya tatu haihitaji uwe na shida yoyote leo.

Sasa turudi kwenye moto. (Msomaji wa Dar es Salaam akiona neno makala atafikiri nazungumzia gazeti, kwetu makala ni makaa.) Mama anakuja asubuhi na kipande cha bati, anaomba moto. Unamchotea makala mawili yaliyoshika, anayaweka kwenye mbabula yake, yaani jiko lake la makala, anapuliza, makala yake meusi yanashika. Baada ya saa moja yale mawili yamekuwa majivu na chungu chake cha maharage kinachemka. Moto wake ni ule wako? Si ule, vyote vinavyoungua ni vyake. Ni mwingine kabisa? Hapana, bila wako usingekuwepo. Nagasena alijibu hivyo kuhusu taa inayowaka usiku kucha: mwali wa zamu ya kwanza na mwali wa zamu ya mwisho si uleule wala si mwingine. Jibu hilohilo ndilo la kuzaliwa tena, na ndilo la wewe na mtoto uliyekuwa ukiwa na miaka 5.

Milinda alikuwa mjanja, akaona mwanya: kama anayezaliwa si yuleyule, basi ameponyoka na madeni yake. Nagasena akamletea mwizi wa maembe anayejitetea mahakamani kwamba embe alizoiba si zile mwenye shamba alizopanda. Ni kweli, si zile. Lakini ataadhibiwa, kwa kuwa hizi zimetokana na zile.

Kinachobeba moto mbele ni nini? Neno la Kipali upadana lina maana mbili kwa pamoja: kung'ang'ania, na kuni. Mtu anang'ang'ania na kung'ang'ania huko ndiko kuni. Vachagota, mzururaji aliyependa maswali, aliuliza kuhusu muda kati ya kufa na kuzaliwa: mwili mmoja umeachwa, mwingine bado, kuni ni nini? Alijibiwa kwa mfano: mwali unaporushwa mbali na upepo, upepo ndio kuni zake; na hapo katikati, tamaa ndiyo kuni. Siku nyingine aliuliza aliyekombolewa anakwenda wapi akifa. Naye aliulizwa: moto ukizimika, umekwenda mashariki au magharibi? Nirvana maana yake ni kuzimika, na kinachozimika ni uchu, chuki na upumbavu.

Shule za Ubuddha hazikubaliani juu ya hapo katikati, kati ya kufa na kuzaliwa. Theravada, iliyoenea Sri Lanka, Myanmar na Thailand, inasema hakuna pengo: wakati wa mwisho wa fahamu unafuatwa papo hapo na wa kwanza wa maisha mapya. Watibeti wanahesabu mpaka siku 49, kwa mizunguko ya siku 7. Wafuasi wa Yogachara, shule nyingine ya Ubuddha, waliongeza fahamu ya 8, ghala linalohifadhi mbegu za matendo. Ghala hilo, kwa maoni yangu, linakaribia sana kumrudisha mpangaji kwa mlango wa nyuma. Wenyewe walihisi hatari hiyo, ndiyo maana Vasubandhu, mwalimu wao mmoja, alisema linakwenda kama mkondo wa maji, halikai kama sanduku.

Sasa jambo linalouma. Mtoto anaugua, jirani mmoja anasema amerogwa, mwingine anasema ni laana ya ukoo. Anayesoma Ubuddha juu juu analeta jibu la tatu: analipa ya maisha yaliyopita. Mganga mpya, ramli ileile. Swali hili Buddha aliulizwa waziwazi na mtu aitwaye Sivaka: ni kweli kila kinachompata mtu, kitamu au kichungu, kinatokana na matendo ya zamani? Jibu lake lilitaja sababu 8, kwa lugha ya tiba ya wakati ule: nyongo, kohozi, upepo wa mwilini, vitatu hivyo vikivurugika pamoja, kubadilika kwa majira, kutojitunza, kushambuliwa, na ya 8, tunda la matendo. Moja kati ya nane. Wanaosema yote ni matendo ya zamani, alisema, wanavuka kile wanachokijua wenyewe na kile ulimwengu unachokikubali, na wamekosea.

Tazama kwamba kushambuliwa kumewekwa peke yake. Aliyepigwa risasi, aliyefukuzwa shambani, anayelala chini ya turubai, andiko hili halimruhusu mtu yeyote kumwambia kwamba anavuna alichopanda. Vivyo hivyo tarehe 22 Mei 2021: lava ya volkano ya Nyiragongo ilifuata mteremko mpaka Buhene, pembeni mwa Goma, na mteremko hausomi matendo ya mtu.

Upande wa pili nao upo, tusiufiche. Katika hotuba kwa kijana Subha, Buddha anasema mwenye kuua huelekea kuzaliwa na maisha mafupi, na mwenye kutesa viumbe huelekea kuwa na magonjwa. Hotuba mbili hizo zinasomwa pamoja hivi: tendo lina mwelekeo wake, lakini huwezi kushika tukio moja na kulirudisha nyuma mpaka tendo moja. Matokeo ya karma, yaani ya matendo, yenyewe yamewekwa kati ya mambo 4 yasiyofaa kupigiwa mahesabu, na anayeng'ang'ana nayo, andiko linaonya, atapata wazimu na usumbufu. Tena karma ni nia. Aliyemkanyaga kifaranga gizani bila kujua hayuko sawa na aliyekusudia.

Basi mtu anafanya nini na haya? Kuna mfano wa mishale miwili: wa kwanza ni uchungu wenyewe, wa pili ni ule mtu anaojichoma kwa kulalamika na kupigana na wa kwanza. Katika mnyororo wa viungo 12, kutoka ujinga mpaka uzee na kifo, vedana ni cha 7 na tamaa ni cha 8, na hapo kati yao ndipo panapoweza kukatwa. Ndiyo maana nilisisitiza kutochanganya vedana na hasira: ukingoja hasira, umeshapita penye kukata.

Zoezi lake ni la dakika 15. Kaa kwenye kigoda au kiti, mgongo wima bila kukakamaa. Dakika 5 za mwanzo fuata pumzi puani. Kisha acha kitu cha kawaida kije, goti, jenereta, harufu ya sambaza, wale samaki wadogo, kutoka jikoni, na kabla hujakieleza, itambue ladha yake tu: chungu, tamu, katikati. Halafu ngojea kidogo uone akili inaomba nini. Chungu itaomba kifukuzwe, tamu itaomba kiongezwe, na katikati itaomba kitu kingine cha kufanya. Ukiona mwombaji huyo mara 5 au 6 katika kikao, inatosha.

Linaharibika kwa njia chache zinazojulikana. Majina yanakuwa wimbo, chungu, chungu, chungu, na mtu hahisi tena chochote. Punguza majina, taja moja kwa pumzi 3 au 4. Au mtu anaangalia uchungu ili uondoke, na kutaka uondoke ndiyo tamaa aliyokuja kuitazama. Kosa zito kuliko yote ni kuanza na jeraha kubwa. Kwa aliyepitia vita, macho yakifungwa picha zinaweza kurudi kwa nguvu. Huyo asifumbe macho wala asijikaze kukaa. Afanye zoezi la kutembea, ambalo ni kamili kama la kukaa: hatua 15 kwenda, kusimama, hatua 15 kurudi, macho yako chini mbele kidogo, na kinachoangaliwa ni wayo tu, unavyoinuka, unavyosogea, unavyokanyaga. Kwenye mawe ya lava ya mitaa yetu, wayo hauchelewi kupata cha kuhisi.