Dawa ya hamu ya kula si dawa ya nguvu
Hapa Kigoma, mgonjwa wa saratani akikataa hata samaki mgebuka wa mawese, ndugu huulizia "dawa ya kunenepesha", wakiamini uzito ukirudi na nguvu zimerudi. Sivyo. Megestroli, dawa ya hamu ya kula ambayo ni homoni ya kutengenezwa inayofanana na projesteroni (homoni ya kike), iliidhinishwa Marekani mwaka 1993 kwa wagonjwa wa UKIMWI waliokonda. Baadhi hupata hamu ya kula na uzito huongezeka, ila kinachoongezeka zaidi ni mafuta, si misuli. (Shangazi atasifu mashavu, miguu bado haimbebi mwenyewe.) Tena huweza kusababisha damu kuganda mishipani: mguu mmoja ukivimba ghafla au pumzi ikibana, hospitali siku hiyohiyo. Na aliyeitumia muda mrefu asiikatishe ghafla bila daktari.