Kusomea uhasibu mtandaoni ukiwa Tanga: shika daftari la mtu kwanza

Haupiti mwezi hawajanijia vijana wawili watatu ofisini, hapa Ngamiani, simu mkononi, tangazo la chuo cha Marekani limefunguliwa: digrii ya uhasibu ya miaka miwili, unasoma ukiwa kwako. Wanauliza kama inafaa. Mimi niliisoma hiyohiyo, usiku, huku mchana nikishika vitabu vya wafanyabiashara wa hapa mjini, kwa hiyo huwa nawajibu kwa kirefu. Inafaa, lakini usiisome bila kuwa na hesabu za mtu halisi mbele yako.

Ujue kwanza unanunua nini. Wamarekani huiita asosieti. Kwa kawaida ni yuniti 60 hivi za masomo, nusu ya zile 120 za shahada ya kwanza. Si zote za uhasibu. Utasoma uandishi wa Kiingereza, hisabati, uchumi, sheria za biashara, ndipo uje kwenye leja, yaani daftari kuu la hesabu, urari wa kuhakiki kwamba pande mbili za hesabu zinalingana, na mizania, yaani taarifa ya mali na madeni. Wengi hulalamikia hayo masomo ya pembeni. Mimi siyalalamikii hata kidogo, maana mhasibu asiyejua kueleza kwa maandishi hesabu imepungua wapi, kazi yake haijakamilika.

Kutambuliwa ndiko kunakoliza watu. Hapa kwetu stashahada ya kawaida ni ngazi ya 6 ya NTA, mfumo wetu wa tuzo za ufundi, na asosieti haikai hapo yenyewe eti kwa sababu zote ni miaka miwili. Hakikisha chuo kina ithibati ya chombo kinachotambuliwa na serikali ya Marekani, kisha waulize TCU, tume ya vyuo vikuu, na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kabla hujatoa hata senti. Ukitaka CPA ya Tanzania, yaani cheti cha mhasibu wa kitaaluma, mlango ni NBAA, bodi ya wahasibu. Waulize mapema utaanzia ngazi gani ya mitihani yao.

Halafu kuna saa. Kazi zangu zilikuwa zikifungwa Jumapili saa 5:59 usiku kwa saa za New York. Kipindi chao cha baridi, hapa Tanga inakuwa Jumatatu saa 1:59 asubuhi. Lakini Jumapili ya pili ya Machi wao husogeza saa mbele, na mwisho unakuwa saa 12:59. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hilo. Nilituma kazi saa 1:20, nimeoga, nimetulia, nikakuta mlango umefungwa. Zilikuwa alama za wiki nzima, na ziliniuma. Tangu hapo naandika kalenda yao ukutani, na usiku wa mtihani unaosimamiwa kwa kamera naangalia umeme wa luku na bando la intaneti kabla ya kufungua kitabu.

Sasa tuje kwenye hesabu zenyewe, kwa maana hapa ndipo panapohitaji daftari la mtu. Vyuo vya kule hufundisha kwa kanuni za Marekani. Sisi tunafuata viwango vya kimataifa, IFRS. Misingi ni ileile, debiti na krediti hazina uraia, lakini kuna mahali zinaachana.

Chukua duka la kanga. Mama ninayemshikia vitabu alinunua doti moja kwa shilingi 9,000 mwezi wa Januari, na nyingine ya aina hiyohiyo kwa 11,000 mwezi wa Machi. Akauza moja kwa 14,000. Amepata faida gani? Mwalimu wangu wa mtandaoni alitufundisha njia mbili: ukihesabu kwamba iliyotangulia kuingia ndiyo iliyotoka, faida ni 5,000, ukihesabu kwamba iliyoingia mwisho ndiyo iliyotoka, faida ni 3,000. Marekani zote mbili zinaruhusiwa. Chini ya IFRS hiyo ya pili ni marufuku. Anayesoma kwa ajili ya mtihani tu atafaulu kule, kisha atakuja kuharibu mizania ya mtu huku.

Kodi nayo vivyo hivyo. Marekani hawana VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Kodi ya mauzo hutozwa na majimbo. Kwetu kiwango cha kawaida ni asilimia 18, na kosa ninalolikuta sana kwa wanafunzi ni hili: risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, imeandikwa 11,800 pamoja na VAT, mtu anachukua asilimia 18 ya 11,800 na kupata 2,124. Sivyo. VAT imo ndani ya bei, kwa hiyo unazidisha kwa 18 na kugawa kwa 118. Jibu ni 1,800. Somo la kodi la chuo chako halitakufundisha hili. Utalipata kwenye bunda la risiti.

Lakini kuna jambo ambalo chuo kilinipa na ninakishukuru mpaka leo. Mama yule wa kanga aliniuliza siku moja, "Mwanangu, daftari lasema nina faida, mbona sandukuni hamna kitu?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba anisubiri. Wiki chache baadaye tukafika somo la mtiririko wa fedha, na swali lake likanirudia: faida huandikwa siku mzigo unapouzwa, si siku pesa inapoingia. Anayekopesha anaweza kuwa na faida na asiwe na nauli.

Usiku huohuo nikafungua daftari lake upya. Faida ya miezi mitatu ilikuwa milioni 1 na laki 2. Mzigo wa rafuni ulikuwa umeongezeka kwa laki 5. Wadaiwa, laki 7. Ilitimia yote, mpaka shilingi ya mwisho, na wala hakuna aliyemwibia.

Asubuhi nikampelekea. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akiweka kidole kwenye mstari wa wadaiwa. Kisha akasema, "Niandikie majina yao huku pembeni, kila mmoja na chake." Nikaandika majina 14. Kabla sijafunga kalamu alikuwa ameshaanza kupiga simu ya kwanza.