Vifaru vya Australia huko Vietnam havikuwa na mabaka

Kuna ujumbe hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya watengenezaji wa modeli ndogo za magari ya kivita: ati kifaru chochote cha Australia, hata cha vita vya Vietnam, lazima kipakwe mabaka ya kijani, kahawia na meusi. Sivyo. Vifaru vya Centurion vilivyokuwa Vietnam kati ya 1968 na 1971 vilikuwa na rangi moja tu, kijani iliyokolea. Deraya za M113, magari ya minyororo ya kubebea askari, vivyo hivyo. Mabaka ya rangi tatu yalikuja baadaye, vita vimeshakwisha.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. M113 ziliendelea kutumika miaka mingi, zikapakwa upya, na picha za baada ya kupakwa upya ndizo zinazosambaa. Halafu kuna vumbi: udongo mwekundu wa Nui Dat, kambi ya Waaustralia huko Vietnam, uliganda kuanzia minyororo hadi ubavuni, na kivuli cha majani kikiongezeka, jicho linaona mabaka. (Hata mimi nimewahi kudanganyika, brashi ikiwa mkononi.)

Kuhakiki si kazi. Tafuta picha ya rangi yenye mwaka na mahali, kisha tazama ukingo wa mfuniko wa dereva, pale buti zinapofuta vumbi. Ujumbe ule ukikufikia tena, usiusambaze.