Foleni inaanza kabla hujazidiwa: uwezo wa biashara, mhudumu "asiye na kazi" na saa saba mchana

Wenye biashara wengi ninaokaa nao hapa Dodoma lalamiko lao linafanana, "wateja ninao ila wakikuta foleni wanaondoka", alafu hapohapo anakuja na swali la pili, "sasa niongeze mtu wakati huyu niliyenaye saa nne asubuhi anakaa tu anachezea simu?" Kazi yangu ni kupanga huduma, yaani kuangalia watu wanavyoingia, wanavyosubiri na wanavyohudumiwa, na kwa kweli kwenye hilo swali la pili ndipo kesi yenyewe ilipo. Biashara ambayo mhudumu wake hana hata dakika ya kupumua ni biashara yenye foleni, hakuna namna, na wengi hawaamini mpaka waone hesabu.

Tuchukue wakala wa pesa za simu, mtu mmoja dirishani. Mteja mmoja anamchukua wastani wa dakika 3, kwa hiyo kwa saa anaweza kuhudumia watu 20. Unaweza kudhani mradi wateja hawazidi 20 kwa saa basi foleni haipo. Sio kweli kabisa, maana wateja hawaji kwa zamu, wanakuja wanne kwa mpigo wameshuka daladala moja, alafu dakika kumi nzima hapiti mtu, na kuna mteja wa dakika moja na kuna wa dakika nane kasahau namba ya siri, au jina limekuja tofauti na alilotarajia ikabidi apige simu kwanza kuuliza. Zile dakika kumi tupu huwezi kuziweka akiba uzitumie jioni, zikipita zimepita.

Sasa ukipiga hesabu ya kawaida ya foleni ya mhudumu mmoja, wateja wanakuja bila mpangilio na muda wa kuwahudumia unabadilikabadilika, majibu yanakuja hivi: wakija 10 kwa saa mteja anasubiri wastani wa dakika 3 kabla hajafikiwa. Wakija 16, dakika 12. Wakija 18, dakika 27. Wakija 19, dakika 57! Angalia hapo mwisho, ameongezeka mteja mmoja tu kwa saa na kusubiri kumezidi mara mbili, na bado hata hiyo 20 hujaifikia. Hizi hesabu mzizi wake ni Mdenmaki mmoja anaitwa Agner Krarup Erlang, alikuwa anafanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen na mwaka 1909 akachapisha kazi kuhusu simu zinavyoingia bila mpangilio, shida yake ikiwa waya ngapi na waunganishaji wangapi wanatosha ili watu wasisubiri sana. Shida ni hiyohiyo ya wakala wetu.

Ndio maana mtu anayehudumia ana kwa ana mimi simpangii zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Hiyo 20 iliyobaki sio uvivu, ndiyo inayomeza wale wanne wa daladala.

Na kwa Dodoma hili lina uzito wake. Tangu 2016 ilipotangazwa serikali inahamia huku mji umebadilika, watumishi wako Mtumba kwenye mji wa serikali, Chuo Kikuu cha Dodoma kikifungua na kufunga unaona mtaani, Bunge la bajeti kuanzia Aprili mpaka Juni wageni wanajaa, na mwisho wa mwezi mishahara ikitoka kila dirisha lina watu. Sasa mtu anachukua wateja wa mwaka mzima anagawanya kwa siku anasema wastani wangu ni watu 120 kwa siku naweza. Huo wastani unakudanganya ndugu yangu, kwa sababu hakuna mteja anayekula wastani, anakula saa saba mchana pamoja na wenzake wote. Uwezo unapimwa kwa saa, tena ikiwezekana kwa robo saa.

Kwenye migahawa kuna hesabu nyingine naipenda sana, Mmarekani mmoja anaitwa John Little aliithibitisha mwaka 1961, na ni nyepesi mno: watu waliopo ndani kwa wastani ni sawa na wanaoingia kwa saa mara muda anaokaa mmoja. Wakiingia 30 kwa saa na kila mmoja anakaa dakika 40, unahitaji viti 20 kwa wastani, na kwa ajili ya wale wanaokuja kwa mpigo inabidi uwe navyo zaidi. Una viti 16? Wengi wanakimbilia kununua meza. Ngoja kwanza, kaa pembeni uangalie hizo dakika 40 zinaenda wapi, mara nyingi utakuta mtu anakula robo saa tu, zingine anasubiri menyu, anasubiri maji ya kunawa, ameshamaliza anasubiri chenji au anamtafuta dada ampe lipa namba ambayo ingebandikwa tu mezani. Ukishusha mpaka dakika 24 wastani unakuwa watu 12, na hujanunua kiti hata kimoja.

Kama una madirisha mawili, foleni iwe moja, wa mbele aende palipofunguka. Kwa wateja 36 kwa saa na wahudumu wawili kama yule wakala wetu, foleni mbili ambazo mtu hahami kutoka moja kwenda nyingine zinampa mteja wastani wa dakika 27 za kusubiri, foleni moja inampa kama 13, mshahara uleule. Na inaua ugomvi wa kuchomekea, maana kinachomuudhi mtu zaidi ya dakika ni kuona aliyekuja nyuma yake ametangulia. Anaudhika pia akiwa hajui atasubiri mpaka saa ngapi, kwa hiyo mwambie, "mama, samaki ni dakika ishirini, wali maharage upo tayari", achague mwenyewe.

Cha kuanza nacho ni daftari. Wiki mbili, kila robo saa, andika wameingia wangapi, alafu andika na wale waliochungulia mlangoni wakageuza, hao hawapo kwenye risiti zako wala kwenye mashine ya EFD lakini ndio wanaokujibu kama uongeze mtu. Tuseme sahani unauza 4,000 faida yako 1,200, na kijana wa kukusaidia kuanzia saa sita mpaka saa tisa unamlipa 6,000. Hiyo ni faida ya sahani tano. Kama daftari linaonyesha wanaogeuza ni nane, muite kijana aanze kesho, kama ni wawili basi hamisha kwanza ratiba ya uliyenaye, usafi na kumenya vitunguu vifanyike saa nne, saa saba awe kaunta.