"Toa kwa 60, itakuwa laini": dhana potofu kuhusu fremu za video

Agizo hili halimkauki mteja mdomoni: klipu za harusi zimepigwa kwa fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde, mwendo unarukaruka, basi kwenye faili la mwisho "toa kwa 60, itakuwa laini." Haitakuwa. Fremu huzaliwa kwenye kamera. Baada ya hapo programu ina mambo matatu tu ya kufanya: kurudia fremu, kutupa fremu au kubuni fremu.

Tuanze na kurudia. Klipu ya 30 ukiitoa kwa 60, kila fremu inaonekana mara mbili. Mwendo ni uleule, na umeipitisha video kwenye mkandamizo mwingine bure. Klipu ya 25 ukiitoa kwa 30, umeiharibu: katika kila fremu tano, moja inarudiwa, yaani kigugumizi mara tano kwa sekunde. Hakikisha mwenyewe. Ifungue kwenye VLC, programu ya kuchezea video, isimamishe, kisha bonyeza herufi E ili isogee fremu moja moja. Tazama mguu wa bibi harusi akiingia ukumbini: unasogea, unasogea, kisha mbofyo mmoja mguu umebaki palepale, halafu unasogea tena. Ukitoka 30 kwenda 25 kinyume chake kinatokea: kila fremu ya sita inatupwa na mguu unaruka.

Kubuni fremu, kazi ya "optical flow" (programu inakisia mwendo na kuchora fremu za katikati), kunafaa gari likipita mbele ya ukuta mtupu. Kwenye harusi kunaumbua. Vidole vinavyopiga makofi vinayeyuka, ukingo wa shela unatetemeka kama maji. Itumie kwa sekunde chache za mwendo wa polepole, si kwa sherehe nzima.

Na mara nyingi fps (idadi ya fremu kwa sekunde) haina kosa lolote. Kosa ni shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga. Kwenye jua la saa saba simu hufunga shata hadi 1/1000 ya sekunde au kwa kasi zaidi, kila fremu inatoka kali bila ukungu wa mwendo, na jicho linaona kurukaruka. Hiyo hairekebishiki vizuri kwenye meza ya uhariri. Inazuiwa pale pale unapopiga: fremu 25, shata 1/50, na kichujio cha ND mbele ya lenzi kupunguza mwanga. Kwa Tanzania na Kenya, ambako umeme ni wa 50 Hz, 1/50 au 1/100 pia hupunguza kumetameta kwa taa za ukumbini. Nasisitiza hili kwa sababu kichujio kimoja kinaokoa kazi ambayo hakuna programu itakayoiokoa.

Kama ni lazima upunguze, 50 kwenda 25 na 60 kwenda 30 ni safi, maana inatupwa fremu moja katika kila mbili kwa mpangilio.

Dhana nyingine: "Sauti imepishana na midomo, isogeze tu." Ukisogeza, mwanzo utakaa sawa na mwisho utapishana. Simu nyingi hurekodi kwa fps inayobadilika: mwanga ukipungua, zinapunguza fremu. Programu ya kuhariri ikiichukulia klipu kama ya fps isiyobadilika, pengo linakua kadiri klipu inavyoendelea. Ifungue klipu kwenye MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili. Ukikuta "Variable" kwenye "Frame rate mode", isawazishe iwe na fps moja kabla ya kuanza kukata, kwa amri hii ya programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i asili.mp4 -fps_mode cfr -r 30 -c:v libx264 -crf 16 -preset slow -c:a copy safi.mp4

Anayependelea HandBrake, programu yenye vitufe badala ya amri, achague 30 na "Constant Framerate", ubora RF 16 hadi 18. Faili litavimba, liache livimbe. Na usiipokee klipu kupitia WhatsApp kama video ya kawaida, maana imeshakandamizwa. Itumwe kama dokumenti.

"29.97 na 30 ni kitu kimoja." Video ya 29.97 ikisomwa kama 30, baada ya saa moja imeiacha sauti kwa sekunde 3.6. Kwa hotuba ya mkwe hiyo ni sentensi nzima.

"Kubadili fps lazima kuue ubora." Si lazima. Klipu ya 50 ukiiambia programu iisome kama 25, hakuna fremu iliyoguswa: inakuwa ndefu mara mbili na mwendo unapungua nusu. Ya 24 ikisomwa kama 25 inaenda kasi kwa takriban asilimia 4, na sauti inapanda kidogo usipoirekebisha.

"Inakwama kwenye kompyuta, faili ni bovu." Jaribu E kwanza. Kila mbofyo ukileta picha mpya, faili ni zima na kompyuta ndiyo imeelemewa, hasa na HEVC (aina ya mkandamizo wa video) ya biti 10. Tengeneza proksi (nakala nyepesi za klipu) za 720p, hariri nazo, na unapotoa kazi ya mwisho hakikisha programu imerudi kwenye faili za asili.