Mshipi wa nailoni hauozeshwi na chumvi

Wapo wavuvi wa pwani wanaoamini kuwa maji ya chumvi ndiyo yanayoozesha mshipi. Basi huusuuza vizuri, kisha huuanika juani siku nzima. Hapo ndipo unapoharibika. Nailoni haiozi kwa chumvi. Mionzi ya jua ndiyo inayokatakata minyororo ya molekuli, yaani chembe ndogo mno zilizoungana kuifanya, na joto huongeza kasi. Mshipi uliochakaa hivyo hupoteza mng'ao, hukwaruza vidoleni na kukatika penye fundo.

Kusuuza kuna faida yake, hasa kwa ndoana: chumvi hushika unyevu, na chuma hula kutu. Chembe za chumvi zikikauka kwenye mshipi nazo huukwaruza.

Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha kivulini penye upepo, kisha zungusha kwenye kibao kipana bila kuukaza, maana kibao chembamba huuachia mikunjo. Uweke gizani, mbali kabisa na betri ya gari, kwani asidi huila nailoni. Ndoana ziwe kwenye kopo lake, zikiwa kavu kabisa.

Kabla ya kwenda baharini, kata mita 2 za mwisho, funga fundo, lilowanishe, uvute. Likikatika kirahisi, endelea kukata. Vipande virudi nyumbani. Vikibaki majini hunasa kasa.