Je, wajua kwa nini Wordsworth alidai alikuwa peke yake?

Wengi waliosoma fasihi ya Kiingereza shuleni wamepitia shairi la William Wordsworth, "I Wandered Lonely as a Cloud", ambalo limezoeleka zaidi kwa jina la "Daffodils". Msemaji anazurura peke yake kama wingu linaloelea juu ya mabonde na vilima, mara anakutana na umati wa maua ya njano kando ya ziwa, yakicheza kwa upepo. Katika makoloni ya Uingereza watoto walilikariri neno kwa neno, wengi wao bila kuwahi kuliona hilo dafodili lenyewe: ua la njano lenye kikombe katikati, linalochipuka kutoka kwenye tunguu majira ya baridi yanapokwisha.

Lakini siku ile Wordsworth hakuwa peke yake. Alikuwa na dada yake, Dorothy.

Tunajua kwa sababu Dorothy alikuwa na mazoea ya kuandika shajara. Alhamisi, 15 Aprili 1802, ndugu hao wawili walikuwa wametoka nyumbani kwa Thomas Clarkson, yule mpiga vita biashara ya watumwa, wakirejea kwao Grasmere kwa miguu. Njia ilipita kando ya ziwa Ullswater, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Upepo ulikuwa mkali hata wakawaza kurudi walikotoka. Walipoipita Gowbarrow waliona maua machache karibu na maji, wakadhani labda ziwa ndilo lililozileta mbegu ufukoni. Kadiri walivyosonga ndivyo maua yalivyozidi, hadi yakawa ukanda mrefu wenye upana wa barabara. Mengine, anaandika Dorothy, yalikuwa yamelaza vichwa juu ya mawe kama mtu aliyechoka alaliavyo mto; mengine yaliyumba na kucheza, kana kwamba yanacheka pamoja na upepo. Usiku walifikia nyumba ya wageni. Mama mwenye nyumba alikuwa amenuna (ndivyo alivyo, anasema Dorothy), ila alipika vizuri: nyama ya nguruwe na viazi. Wakanywa ramu iliyochanganywa na maji ya moto, wakatamani Mary naye angekuwepo.

Mkumbuke huyo Mary, tutamrudia.

Wordsworth alilitunga shairi mwaka 1804, yapata miaka miwili baadaye. Ukiliweka kando ya shajara utaona jinsi alivyochambua. Maua yanayocheza kayabakiza. Yale yaliyochoka, yenye vichwa juu ya mawe, kayaacha, nami naona hilo ni hasara kwani hakuna picha nzuri kuliko hiyo katika maandishi yote mawili. Upepo mkali umegeuka upepo mwanana. Dorothy alipima maua kwa upana wa barabara. Kaka yake anadai aliona elfu kumi kwa kutupa jicho mara moja. Na Dorothy mwenyewe hayumo.

Je, alidanganya? Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili ana jibu mkononi, maana hufundishwa mapema kutomchanganya mshairi na nafsineni. Anayesema "mimi" ndani ya shairi ni sauti iliyobuniwa ili kazi ifanyike. Swali la kuuliza ni kwa nini kazi hii ilihitaji mtu mpweke.

Jibu limo katika ubeti wa mwisho, ambao wanafunzi huupita haraka. Hapo ziwa limekwisha. Msemaji yuko ndani ya nyumba, amejilaza kwenye kochi, hana la kufanya au amezama katika mawazo. Tena wakati umebadilika: beti za kwanza zilisimulia yaliyopita, ubeti huu unaeleza jambo linalomtokea mara kwa mara. Akiwa katika hali hiyo maua humrudia ghafla akilini, na moyo wake hucheza nayo. Kabla ya hapo amekiri kwamba alitazama na kutazama bila kujua alikuwa amepata utajiri gani. Kwa hiyo shairi hili linahusu kumbukumbu, na kumbukumbu ya namna hiyo humjia mtu akiwa peke yake. Upweke wa kochini ndio uliorudishwa nyuma hadi kando ya ziwa, ili mwanzo na mwisho viafikiane. Wordsworth mwenyewe, katika dibaji aliyoiandika mwaka 1800, alikuwa ameshasema kwamba ushairi huzaliwa na hisia zinazokumbukwa katika utulivu.

Sasa Mary. Ni Mary Hutchinson, aliyeolewa na Wordsworth Oktoba 1802. Mishororo miwili ya ubeti huo wa mwisho, isemayo kwamba maua humulika katika jicho la ndani ambalo ndilo raha ya upweke, ilitoka kwake, na mumewe alikiri kwamba ndiyo bora kuliko yote katika shairi. Coleridge, rafiki yao, hakuridhika: mwaka 1817 aliandika kwamba kutoka kwenye kilele hicho hadi kwenye moyo unaocheza na dafodili ni kuporomoka kwa ghafla kunakokaribia kichekesho. Basi, shairi maarufu la mtu mpweke lilipitia mikono ya watu watatu, mmoja tu akatiwa jina kwenye jalada.

Likikujia kwenye mtihani, hesabu beti kwanza. Toleo la 1807 lina tatu, kila moja ya mishororo sita, na maua yake "yanacheza" tangu yanapotajwa. Mwaka 1815 Wordsworth aliyafanya ya "dhahabu", akaongeza ubeti unaoyafananisha na nyota. Vitabu vingi vya shule huchapa hilo la pili, lenye beti nne.